Slabu Isiyo na Ukuta

Kila asubuhi, kabla hajagusa kahawa, mjomba wangu Eliécer alipanda juu ya paa la nyumba yetu na kitambaa chenye mafuta, akapangusa nondo. Zilikuwa nne kila kona, zimechomoza kwenye zege hadi usawa wa kifua, zikingoja ghorofa ambayo haijajengwa. Huku kwetu mlimani Medellín, Kolombia, kila nyumba ina nondo zake hewani, na nyingi zimeliwa na kutu. Za mjomba ziling'aa. Ndizo alizotundikia misumeno, na hakutaka kutu ihamie huko.

Slabu ile, yaani paa hilo la zege, bibi Otilia, mama yake, alimpa kwa mdomo, siku ilipomwagwa. Mtaa mzima ulipandisha zege kwa ndoo, na chini sufuria kubwa la supu ya kuku na ndizi lilikuwa linachemka. Bibi alisimama na mwiko wake, akasema mbele za watu: "Chini pangu, juu pa Eliécer." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeandika kitu.

Alipoachishwa kazi kwenye karakana moja ya useremala bondeni, mjomba alifungua karakana yake hapo juu. Mita nne kwa tano. Wiki nzima alipima na kuchora kwa chaki kabla hajaleta hata msumari. Benchi aliliundia hukohuko juu, mita mbili na nusu, maana ngazi yetu inapinda na lisingepita. Chini ya benchi aliweka maboksi yenye magurudumu; msumeno wa umeme ulikaa kwenye boksi mojawapo, ukihitajika unavutwa, kazi ikiisha unasukumwa. Majiliwa, vile vyuma vya kubania mbao, aliyaning'iniza chini ya mabati aliyoezekea, mtu mrefu ilibidi atembee ameinama. Mbao alizivuta kwa kamba kutoka barabarani. Mahali ambapo jirani angeanika nguo tu, yeye alitoa milango, vitanda, hata jeneza la mzee Arnulfo.

Ila hakujenga ukuta. Na kwetu slabu ni ya yule aliyepandisha ukuta. Hata mstari mmoja wa matofali unatosha, watu wakauona wakajua pana mwenyewe. Bwana Gildardo, fundi mwashi, alimpigia kelele kutoka paa la jirani karibu kila wiki.

"Eliécer! Weka matofali, bwana! Hata mstari mmoja!"

"Ukuta unakula sentimita kumi na tano kila upande, fundi. Mbao zangu ni mita tatu na themanini. Nikijenga pande mbili nabaki na tatu na sabini. Ubao nikauweke wapi, kichwani kwako?"

"Weka, kichwa kina nafasi. Lakini mama yako ana mtoto mwingine."

"Mama alishasema. Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nilikuwa nakunywa supu."

Wakacheka wote wawili.

Mtoto mwingine ni Fáber, mdogo wake mjomba. Alirudi kutoka Chile mwezi wa nane na mkewe Yurani, mwenye mimba ya miezi sita, na mabegi mawili. Wakawa wanalala sebuleni. Siku ya kwanza alipopanda juu, Fáber alianzia ukingo mmoja wa slabu akatembea hadi mwingine, taratibu, akizunguka benchi. Sauti haikutoka, lakini midomo ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu hatua.

Jumapili bibi alimwita mjomba jikoni. Nilikuwa nakanda unga wa arepa, mikate yetu ya mahindi, hawakunitoa.

"Mwanangu, mdogo wako anajenga juu."

Mjomba akacheka. "Juu ya wapi?"

"Usinifanye mjinga, Eliécer."

"Mama, ulisema mbele za watu."

"Nilikupa ujenge nyumba. Uoe. Miaka kumi na moja hujaweka tofali hata moja, ningejuaje kama unapataka?"

"Si niko pale kila siku!"

"Kila siku uko pale unanimwagia vumbi kwenye sufuria. Mwenzako ana mtoto njiani. Wewe una mbao."

Mjomba alinigeukia, kama vile mimi ningesema kitu. Niliendelea kukanda. Unga ulikuwa umeshalainika zamani.

Fáber naye alimfuata ngazini. "Kaka, usinune bwana. Mlango utanitengenezea wewe, eh? Hawa wengine wanauza takataka."

Mtaa ukaja tena na ndoo zake, supu ikachemka tena. Bwana Gildardo aliinama kwenye kona, akagonga nondo kwa mwiko wa chuma. "Angalia hizi! Kama zimetoka dukani leo. Zingekuwa za nyumba nyingine ningevunja kona zote nne." Mjomba alikuwa pale pale, anapiga randa ubao wa mlango, na matofali yanapanda huku na huku. Ukuta ulipofika kiunoni, ubao wa mita tatu na themanini haukulala tena kati ya kuta. Aliutazama kidogo, akaukata.

Mlango aliutengeneza kwa mwerezi aliouweka miaka mitatu kwa ajili ya kabati lake mwenyewe. Alipoutundika haukulia hata kidogo. Yurani aliufungua na kuufunga mara nyingi, anafurahi.

Likabaki benchi.

"Halipiti," Fáber akasema. "Livunje tu, kaka."

"Aa, liache," Yurani akasema. "Litafaa kwa jiko."

Wakaweka jiko la gesi juu yake. Siku ya tatu Yurani aliteremsha sufuria la moto akalitua kwenye mbao, na alipoliondoa palibaki duara jeusi. Mjomba alipanda asubuhi hiyo na kitambaa chake, kama kawaida, ingawa nondo zilikwishamezwa na ukuta, sijui kufuta nini. Nilikuwa nimeleta maji. Alisugua lile duara mara mbili, tatu. Halikutoka. Akachukua msumeno mmoja wa mkono na randa, akavifunga kwa kile kitambaa, akatoka kwa mlango wake mwenyewe akaurudishia taratibu.

Bibi alimwona anapita sebuleni.

"Unaenda wapi? Arepa zinapoa."

"Nakuja, mama."

Nilisimama ngazini nikamwangalia anateremka hadi pale barabara inapokata kona. Hakugeuka. Bibi aliifunika arepa ya mjomba kwa sahani, akaisogeza karibu na jiko isipoe. Ilikaa hapo mchana kutwa. Jioni Fáber aliuliza kama ina mwenyewe, bibi akaendelea kuosha vyombo, Fáber akaila. Sasa mtoto wa Yurani anatembea, anashikilia miguu ya lile benchi, na mjomba hajarudi.