Mdachi Kanipima Kichwa

Jamani, kuanzia leo mimi ni Mluguru halisi. Kaandika Mdachi mwenyewe.

Amekuja bomani na chuma cha kupimia vichwa, anataka kujua watu wa milima hii walitokea wapi. Mimi ni mkalimani wake tu, lakini akaanza kukijaribu kwangu.

Akanibana kichwa, akapima pua, akaandika: Mluguru halisi.

Wazee waliokuwa wakingoja zamu wakaangaliana.

Kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama. Baba ni mtu wa Mgeta, sawa, lakini mama aliletwa na msafara wa watumwa akiwa mdogo sana. Huko milimani wanasema sina ukoo.

Hilo sikumtafsiria Mdachi. Kusema kweli, nilifurahi.

Jioni nikamsimulia mama huku nacheka. Alikuwa anachambua mboga. Akauliza:

"Hicho chuma, mwanangu, hakikusema kwetu ni wapi?"

Nyie mngemjibu nini?

Sasa hivi anafumua nywele. Kesho anataka nimpeleke, na yeye akapimwe.