Mbwa Mwenye Babu Mmoja

Nilikuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Manyoni, enzi za Mwingereza, nilipopata barua kwamba nafasi ya ukarani imepatikana bandarini Kigoma, na kwamba ikiwa naitaka niripoti kabla mvua hazijaanza. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu nimalize masomo ya sekondari sikuwa nimekaa mahali pamoja zaidi ya mwaka, na kila treni iliyopita kwenda upande wa ziwa iliniacha na kitu kama njaa. Nilifunga sanduku siku ile ile.

Lakini sikuweza kwenda bila ruhusa ya baba. Asingeweza kunizuia kwa nguvu. Alikuwa mzee, kifua kikimsumbua, akiishi kijijini kwetu Sepuka, upande wa Singida, pamoja na dada yake mjane, shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Ila kuondoka bila radhi ya mzazi ni jambo ambalo watu wa kwetu hawalifanyi wakapata usingizi. Nilipomwendea kuomba, alinijibu kwa maneno machache. Fisi walikuwa wamechukua ndama watatu tangu mavuno. Yeye hakuweza tena kulala nje kando ya zizi, vijana wa jirani walikuwa wamekwenda kwenye mkonge Tanga, na mbwa wetu wawili, wakisikia fisi, walikuwa wakikimbilia ndani ya tembe, nyumba yetu ya udongo, kabla ya watu.

"Niletee wa kulala na ng'ombe hawa," alisema, "halafu nenda hata Kongo."

Pale Manyoni, nyuma ya stesheni, aliishi Mzungu mmoja fundi wa mitambo ya reli, na mke wake alikuwa akifuga mbwa wakubwa rangi ya udongo ambao asili yao ni Rodesia. Mgongoni manyoya yao yamepanda kinyume, kutoka kiunoni kuelekea kichwani, kama mtu aliyechana nywele akiwa na hasira. Ilisemwa kwamba huko kwao hutumika kuwinda simba. Mimi nilikuwa nikipokea mizigo ya mama huyu na kumwandikia hati, kwa hiyo tulifahamiana. Niliposikia jike lake limezaa, nilikwenda kumwuliza kama angeweza kuniuzia mmoja.

Aliniuliza maswali mengi kuliko niliyoulizwa nilipoomba kazi. Mbwa atalala wapi? Atakula nini? Nani atamfunga, na kwa nini? Mwishowe alinionyesha dume moja ambalo alikuwa tayari kuachana nalo. Kwenye ule mstari wa mgongo panatakiwa mizunguko miwili ya manyoya, inayotazamana. Huyu alikuwa nayo mitatu.

"Kwa mashindano, hapana," alisema. "Kwa fisi, mzuri."

Nilimpa baiskeli yangu, ambayo mumewe alikuwa akiitamani kwa ajili ya mtunza bustani wao, nikadhani biashara imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Alileta bahasha, akatandaza karatasi mezani kwenye baraza, akaniambia nivute kiti. Sikuwahi kukaa kwenye kiti cha baraza ile.

Karatasi ya kwanza ilikuwa na jina la mbwa wangu upande wa kushoto, na kutoka hapo mistari ikagawanyika miwili, ikagawanyika minne, ikagawanyika minane, kama reli zinavyogawanyika mbele ya stesheni kubwa.

"Hii mbwa yako," alisema akigusa kwa kidole. "Hii baba. Hii mama. Hii baba ya baba. Sasa soma wewe."

Nilisoma. Alinifundisha kwamba juu pana namba, na namba hiyo lazima iwe ile ile iliyoandikwa katika kitabu cha chama cha wenye mbwa kule Nairobi. Karatasi isiyo na namba ni hadithi tu, mtu yeyote anaweza kuitunga. Kisha akanionyesha kitu alichojivunia. Babu mzaa baba na babu mzaa mama walikuwa na jina moja, maana walikuwa mbwa mmoja. Baba na mama wa mbwa wangu walikuwa watoto wa dume lile lile kwa majike mawili tofauti.

"Makusudi," alisema. "Ili mgongo usipotee."

Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nililichukua kama nilivyokuwa nikichukua masomo ya shule: jambo la kweli huko liliko, lisilohusu kwetu.

Karatasi ya pili ilikuwa ndogo. Ilikuwa ya kubadili mwenye mbwa. Mama yule alikuwa amekwisha kutia sahihi yake kama muuzaji. Chini paliachwa wazi pa kuandika jina la mwenye mbwa mpya, kisha mimi niipeleke posta. Mpaka ifike Nairobi, alisema, kwenye kitabu mbwa bado ni wake. Nikachukua kalamu nikaandika jina la baba yangu, herufi moja moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa karani. Niliona nimempa heshima. Sikuipeleka posta siku ile, kwa sababu nilitaka kwanza aione.

Nilipanda lori la kwenda Singida nikiwa na mbwa ndani ya kasha la sabuni. Utingo alichungulia.

"Karani, huyo mtoto wako analipa nusu nauli?"

"Bado ananyonya," nilimjibu.

"Basi ampakate mama yake. Au mama ndiye wewe?"

Lori zima lilicheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa na furaha kubwa. Kutoka Singida nilitembea kwa miguu, kwa kuwa baiskeli sikuwa nayo tena, na nilipochoka kubeba kasha nililitupa nikambeba mbwa kifuani. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio kuliko wangu.

Shangazi alikuwa uani anapepeta uwele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Na huyo ni nani?"

"Ni mlinzi wa ng'ombe."

"Huyu? Fisi atamla asubuhi kabla ya chai." Lakini alikwisha kuweka ungo chini, akampa maziwa kwenye kipande cha kibuyu, na mbwa alipomaliza akamlamba vidole. Baba alitoka polepole. Alimshika miguu, akapima unene wa nyayo, akampapasa mgongo kule na huku. Alitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

"Huyu atakuwa mkubwa," alisema.

"Atafika kiunoni kwako, baba."

"Basi umepata safari yako."

Kama ningenyamaza hapo, maisha yangu yangekwenda njia nyingine. Lakini nilikuwa na bahasha mfukoni na elimu kichwani. Niliwaambia kwamba mbwa huyu si wa kuokota, kwamba ukoo wake umeandikwa.

"Ana barua?" shangazi aliuliza. "Umeleta mbwa au mchumba?"

"Msomee," baba alisema, naye akakaa. Kwetu ukoo wa mtu ukitajwa, watu hukaa.

Nikasoma. Nilitaja mbwa, nikataja baba yake, na baba wa baba yake, jina refu la Kizungu lililoishia kwa mlio kama wa kugonga sufuria. Shangazi alirudia mlio ule akicheka. Nikaendelea upande wa mama: mama yake, na baba wa mama yake.

Shangazi aliacha kucheka. "Rudia hapo."

Nilirudia. Hakujua neno la Kiingereza hata moja, lakini yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kila watu walipotaka kuposa, aseme kama nyumba mbili zinaweza kuoana au zinakutana huko nyuma. Masikio yake yalikuwa yamefanya kazi hiyo miaka arobaini.

"Huyo umeshamtaja kwa baba," alisema.

"Ndiyo, shangazi. Ni yule yule."

"Kwa hiyo baba yake na mama yake ni ndugu."

"Kwa baba tu. Mama zao ni tofauti."

Mbwa alikuwa amelala juu ya mguu wa baba. Nilijaribu kueleza. Nilisema Wazungu hawakukosea, hufanya hivyo makusudi ili umbo lisipotee, na nilipolitamka neno hilo, makusudi, niliona uso wa baba ukikunjamana.

"Wanyama hawana ukoo," nilisema. "Mbuzi zetu je?"

"Mbuzi hawaandiki," baba alisema. "Mbuzi hajui. Hawa walijua, wakaandika, wakatia namba." Alinyosha mkono kuelekea zizini. "Wale ng'ombe unawafahamu. Yule mwekundu alikuja kwa dada yako. Yule mwenye baka, mama wa mama yake alikuja kwa shangazi yako huyu. Hakuna hata mmoja aliyeingia hapa kabla watu hawajakaa wakahesabu koo. Ng'ombe wa mahari nimweke huyu awalinde?"

Nilitoa karatasi ya pili, nadhani kwa kutaka kumlainisha, nikamwambia kwamba na jina lake limo.

"Jina langu? Wapi?"

"Hapa. Mwenye mbwa."

"Karatasi moja na hao?"

"Mbili, lakini zinakwenda pamoja."

Alinirudishia bila kuigusa sana, kwa ncha za vidole. "Litoe," alisema. "Hata kama ni kesho, litoe."

Shangazi alimchukua mbwa akamweka mapajani. "Mtoto hana kosa," alisema. "Ale, alale, apumzike. Kesho umrudishe."

Usiku ule sikulala. Sikumwonea huruma mbwa wala baba. Nilikuwa nikiwaza Kigoma. Asubuhi niliaga, baba akaitikia salamu tu, hakutaja safari. Sikuthubutu kumwuliza.

Mama wa Kizungu alinipokea barazani. Nilidhani atacheka, au atakasirika. Nilimweleza yote kwa Kiswahili chepesi, na alipoelewa alimkuna mbwa nyuma ya masikio. Kisha alichukua ile karatasi ndogo akaichana mara nne, vipande akaniwekea mkononi, kama mtu anayejua kwamba jina la mtu halitupwi ovyo.

"Walizaliwa kumi," alisema. "Wawili walikuwa na tundu hapa, mgongoni, mpaka ndani. Tulizika." Aliniambia nichukue baiskeli yangu, nami niliichukua.

Nilikuwa na siku sita kabla ya muda wa Kigoma kwisha. Nilizimaliza nikipokea magunia ya karanga na kuyaandikia hati. Siku ya sita treni ilisimama, ikateka maji, ikaondoka. Wiki iliyofuata niliacha kazi, nikafunga sanduku nyuma ya baiskeli, nikaenda Sepuka kulala na ng'ombe.

Sikuenda kwa moyo safi. Mwezi wa kwanza nilikuwa nikimjibu baba mkato, na yeye alijifanya haoni. Nilijenga kibanda kidogo ubavuni mwa zizi, nikawa nawasha moto kila jioni. Mvua zilipokolea, fisi walipasua uzio wa miiba wakachukua mtamba, nami nimelala fofofo. Asubuhi baba alikuja akazitazama nyayo.

"Wewe una karatasi ya shule," alisema. "Yule mbwa alikuwa na karatasi ya ukoo. Fisi hana hata moja, naye ndiye aliyeshiba."

Nilimtazama nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko ambacho kifua hakikumruhusu kukitoa. Nikacheka mimi kwa niaba yake. Tangu siku ile tulianza kuzungumza. Alinifundisha ng'ombe mmoja mmoja, ametoka nyumba gani, kwa binti yupi, nani walikaa kikao. Nilijua nyumba yetu kwa njia hiyo, kwa kufuata ng'ombe nyuma mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe alisema, "Hapo sasa sijui."

Nilikaa misimu miwili ya mvua. Kiangazi cha pili kifua kilimshinda. Mchana mmoja nilikuwa nikitengeneza uzio, shangazi akaniita nisaidie kumtoa nje, kwa kuwa alitaka kuona ng'ombe wakirudi kunywa maji. Tulimlaza kwenye ngozi, kivulini mwa ukuta. Alitazama mpaka ng'ombe wa mwisho akapita.

"Huko Kigoma," aliniuliza, "ulisema pana ziwa?"

"Ndiyo, baba."

"Kubwa kiasi gani?"

"Sijaliona."

"Basi kaliangalie."

Aliishi siku tatu zaidi.

Baada ya matanga, wazee wa ukoo walikaa wakagawa ng'ombe, kila mmoja akienda upande aliotokea au uliokuwa unamhitaji. Wangu wawili nilimwachia shangazi, aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Zizi lilibaki na miiba tu na samadi iliyokauka. Niliendesha baiskeli mpaka Manyoni, nikapita nyuma ya stesheni: yule fundi na mkewe walikuwa wamehamishwa, na mtu mwingine alikuwa ameanika nguo barazani. Nafasi yangu bandarini ilikuwa imechukuliwa zamani. Nilikata tiketi ya Kigoma hivyo hivyo.