Cheche ya Buluu

Fundi wa gari la misheni alinusa kila chombo kabla ya kukigusa, na alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Asubuhi moja ya baridi ya Juni, miaka saba baada ya vita vya Maji Maji, alikuwa akimpeleka Kunegunda na mwanawe mwenye homa kwa daktari wa Songea. Walipovuka mto gari likazimika, maji yameingia kwenye koili inayozipa cheche nguvu.

"Cheche ni nyekundu, mama. Haitawasha petroli."

Kunegunda akafungua blanketi la mtoto ampe fundi akaushie koili.

"Hapana, hilo ni lake." Fundi akavua shati lake, akaifuta koili, akaikumbatia kifuani mpaka ikakauka, meno yakimgongana. Safari hii cheche ikatoka ya buluu, injini ikanguruma.

Jioni Kunegunda akatoka mbio hospitalini, machozi yakimtoka.

"Fundi! Ameomba uji!"