Sura Niliyoipaka Kanisani

Sasa naweza kusimulia, lakini siku ile kanisani ningeona shimo ningejitupa. Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kiwandani nimeshapunguzwa, nimegeuka fundi rangi, na maduka ya Morogoro yamejaa rangi na thina za nje, basi Padre wa misheni moja kongwe huko milimani, njia ya Matombo, akaniita nipake kuta na kumpangusa Mtakatifu Yosefu aliyechorwa ukutani na wamisionari kabla babu yangu hajazaliwa. "Vumbi tu," akanionya. Mimi na ujuaji wangu nikatia thina ya kuyeyushia rangi kwenye kitambaa (kidogo tu, jamani!), nikapitisha mara moja, uso wote ukaja na kitambaa.

Badala ya kusema, nikajifanya mchoraji. Ndani ya kitabu cha sala kilichosahauliwa benchini nikakuta picha ndogo ya kijana, nikainakili, nikamwongezea ndevu, nikashuka ngazi najisifu.

Jumapili, katikati ya mahubiri, Bibi Agata, mjane wa pale kijijini, akainuka akaenda hadi ukutani.

"Beno," akasema taratibu, "baridi yote hii, umetokea wapi mwanangu?"

Jirani yangu wa benchini akaninong'oneza kwamba Beno, mwanawe, alifukiwa na kifusi machimboni, mwili haukupatikana, hana hata kaburi. Nywele zikanisimama. Padre akanitazama, watu wote wakageuka, ikabidi nisimame nikiri mbele yao thina yangu na uongo wangu, jasho linanitiririka, kisha nikampelekea bibi ile picha.

"Shikamoo bibi. Nisamehe, niliyemchora ni huyu."

Akaisogeza machoni. "Marahaba. Huyu simjui."

Padre akaichukua, akaitazama, akatazama ukuta. Kijana wa pichani na yule wa ukutani hawakufanana hata kidogo. (Mkono ulikuwa wangu, ile sura niliitoa wapi?)

Kesho yake niliagizwa niifute ile sura kwa rangi. Bibi nikamkuta benchi la mbele.

"Ngoja nimuage kwanza," akasema. "Kule machimboni sikupata nafasi."

Akazungumza naye kwa sauti ndogo, habari za migomba, za dada zake, halafu akanigeukia: "Haya baba, mfunike."

Akaanza wimbo wa mazishi peke yake. Nikaanza kupaka kidevuni, macho nikayaacha mwisho.

Tangu siku ile napaka kuta tu. Anayetaka kichwa cha mtu kwenye kibao cha saluni yake atafute fundi mwingine, mimi sura ya binadamu sigusi tena.