Darasa Moja la Watoto wa Ziwa na Watoto wa Mlima

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huacha kazi iliyo mkononi. Juzi ulipokuja kuniambia kwamba umepata nafasi katika biro, ofisi ya elimu ya mji wa Baraka, upande wa wale wanaosimamia programu na mafundisho ya shule, nilikupongeza, nikakupa chai, nikanyamaza. Ukadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nimerudi kwenye darasa la kwanza, katika shule ya ukingoni mwa ziwa, upande wa kwenda Nundu, miaka ile kabla vita havijatutawanya. Leo kaa nikusimulie, maana juzi hukukaa. Vijana wa sasa mnakunywa chai huku pikipiki inanguruma nje.

Nilikuwa mwalimu kijana, mwaka wangu wa pili kazini. Huko juu milimani ugonjwa ulikuwa umeua ng'ombe wengi, na familia kadhaa za wafugaji wanaosema Kinyarwanda zilishuka kulima karibu na kijiji chetu. Pamoja nao alikuja Nyamwiza. Alikuwa binti wa mchungaji wa kanisa, mrefu, mwenye sauti ya chini, na alikuwa amesomea ualimu. Direkta wa shule yetu akatuweka wote wawili katika darasa la kwanza, kwa kuwa watoto walikuwa wengi kupita madawati. Mimi niliandika ubaoni, yeye alipita katikati ya watoto akiwashika mikono midogo ile inayokataa kufuata mstari. Tukichoka tulibadilishana.

Tuliishi nyumba moja, wasichana wawili. Siku ya kwanza nilimpikia bukari, ndio ugali wetu, na samaki wadogo wa ndagala. Akala bukari tupu kwa chumvi. Kwao samaki hawaliwi, nami sikujua, nikanuna. Kesho yake yeye akanipa maziwa ya mgando katika kibuyu, yenye harufu ya moshi, nami nikashindwa kuyameza. Tukatazamana, tukacheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mvua za mwaka ule zilipoisha, Nyamwiza alikuwa akimla samaki mukeke mpaka kwenye mifupa, na mimi ndiye niliyekuwa nadai maziwa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilipona upweke.

Sasa sikia jambo lenyewe. Programu ya serikali ilisema watoto wa miaka ya mwanzo wafundishwe kwa Kiswahili, na Kifaransa kiingie polepole. Nyumbani watoto wa kwetu walisema Kibembe, wa kwao Nyamwiza walisema Kinyarwanda. Kiswahili kilikuwa cha sokoni na kanisani. Hakuna aliyekinyonya kwa mama yake. Kwa hiyo darasani wote walianzia pamoja, na mimi niliona ni jambo jema, ingawa sikujua kueleza kwa nini.

Wazazi hawakuliona hivyo. Msimamizi wa komite yao alikuwa mvuvi mmoja tuliyemwita Baba Mapendo, kwa jina la binti yake aliyekuwa darasani kwetu. Alikuja kwa direkta akasema, "Kiswahili mutoto wangu anakisikiaka ku soko. Mi namutuma ku masomo ajue Kifaransa. Na bale batoto ba mulima banamuchelewesha." Baada ya siku chache akaja mzee mmoja wa milimani, babu wa mtoto aliyeitwa Kigabo. Naye akasema, "Batoto betu batasahau kwabo. Mubape kalasi yabo peke yabo."

Mmoja alihofia mtoto wake kubaki nyuma, mwingine alihofia wake kupotea, na wote wawili wakataka ukuta. Mwanangu, ukiona wagomvi wamekubaliana upesi, tazama wamekubaliana kumkosesha nani. Direkta wetu hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa makelele. Akatuma habari Baraka kuomba ruhusa: darasa ligawanywe, Nyamwiza awachukue watoto wa mlima akawafundishie kwenye kibanda cha udongo mwisho wa kijiji, kisicho na ubao wala dawati. Jioni hiyo Nyamwiza hakula. Aliniambia, "Feza, bakienda kule, hakuna mutu wa biro atafikaka kuona kama banasoma." Hakusema lolote juu yake mwenyewe.

Biro ikamtuma enspekta, mkaguzi wa shule. Aliitwa Mzee Wilondja, mtu wa kwetu, amefundisha eneo lote la Fizi mpaka ndevu zikageuka nyeupe. Alifika kwa baiskeli, suruali imefungwa kwa kipande cha mpira ili isishikwe na mnyororo. Wazazi wakakusanyika uwanjani. Kabla hajasema, mimi nikasimama. Nikasema, kwa Kifaransa nilichokuwa najivunia, kwamba programu ni amri ya serikali na hakuna mzazi mwenye ruhusa ya kuigusa. Baba Mapendo akaokota kofia yake, tayari kuondoka.

"Kaa chini, mwalimu," enspekta akaniambia. Kisha akawageukia wazazi. "Leo siamue kitu. Kesho asubui mukuje wote ndani ya kalasi. Tutaona kwanza."

Watu walipotawanyika aliniita kando, karibu na baiskeli yake.

"Ulichosema ni kweli," akasema, "na umekisema vibaya."

"Juu ya nini, Enspekta?"

"Juu ule baba anaogopa. Anaona mutoto wake atakuwa wa nyuma. We umemujibu nini? Umemupiga na programu. Programu haiko fimbo, mwanangu. Baliitunga juu ya batoto. Kama hauwezi kumuonyesha mutoto wake ndani yake, ataikataa, na atakuwa na haki."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu nilikuwa upande wa haki nikajiona nimemaliza kazi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi wakaja. Enspekta hakukubali kiti. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakamfika kifuani. Baba Mapendo alisimama ukutani, amekunja mikono. Babu yake Kigabo alibaki mlangoni na fimbo yake ya kuchungia. Nyamwiza alikuwa akifundisha silabi. Akaandika neno moja ubaoni, watoto wakalisoma pamoja: ma-zi-wa.

"Nani atanionyesha maziwa ni nini?" akauliza.

Nilistaajabu kuona mkono wa Mapendo uko juu. Mtoto yule tangu shule ifunguliwe alikuwa hajasema neno isipokuwa kwa kunong'ona. Akasimama, akaonyesha dirishani kwa kidole. "Ile kule. Kwenye baba anavuaka."

"Hapana," Kigabo akasema nyuma yake. "Maziwa banakamuaka." Akachuchumaa kati ya madawati, akakamua hewa kwa mikono miwili.

Mapendo akamgeukia. "Unakamuaka maji?"

Kigabo akafikiri kidogo. "Na we, unavuaka samaki ndani ya maziwa?"

Darasa zima likacheka. Nyamwiza hakuwanyamazisha. Alingoja kicheko kiishe chenyewe, kisha akawaeleza kwamba wote wawili wamesema kweli: ziwa likiwa moja ni ziwa, yakiwa mengi ni maziwa, na kinachotoka kwa ng'ombe nacho ni maziwa. Akamwambia Mapendo amfundishe Kigabo kutupa wavu, na Kigabo amfundishe Mapendo kukamua. Wakasimama mbele, wakashikana mikono, wakaelekezana, na Kiswahili kikawatoka kama maji, chenye makosa na kisichosita. Babu wa mlangoni akashindwa kuvumilia. Akaingia, akaweka fimbo chini, akavipanga upya vidole vya mjukuu wake. "Hapana hivyo. Utaumiza ng'ombe."

Mimi nilimtazama Baba Mapendo. Mikono yake ilikuwa imekunjuka. Akasema polepole, si kwa mtu yeyote, "Huyu ni Mapendo wangu?"

Baadaye tulikaa nje, chini ya upenu. Enspekta akasema mambo ambayo nataka uyashike. Alisema kinachofundishwa nchini kimeamuliwa mbali, na yeye hawezi kukibadilisha kwa sababu ya kelele za kijiji kimoja. Lakini namna ya kukifundisha, na nani akae na nani, hilo limewekwa mkononi mwake na mikononi mwa wale waliokaa pale. Basi akaamua: darasa litabaki moja. Kila siku kabla ya kwenda nyumbani watoto wataongea Kifaransa kwa mdomo, nyimbo na salamu, ili mzazi jioni asikie kitu. Na kila Jumamosi wazee watakuja shuleni, wa Kibembe wakae na watoto wao na wa Kinyarwanda na wao, wawasimulie hadithi za kwao, kisha wote wamalizie kwa kuimba pamoja.

"Na kama wangu atashindwa Kifaransa?" Baba Mapendo akauliza.

"Utakuja kuniuliza mi, ku biro," enspekta akamjibu. "Usimuulize mutoto mwenzake."

Naye hakusema hivyo akatugeuzia mgongo. Alirudi kila mwezi, hata wakati wa mvua, baiskeli begani mahali ambapo barabara imekatika. Alikaa kwenye dawati lile lile la watoto, akasikiliza, akatukosoa. Jumamosi zile, mwanangu, sijui nikuelezeje. Baba Mapendo, aliyetaka ukuta, ndiye aliyekuwa akiimba kwa sauti kubwa kuliko wote, na hakujua maneno. Mapendo alifaulu Kifaransa kama wengine. Mimi na Nyamwiza tulikuwa tunarudi nyumbani jioni tukiwa na chaki kwenye nywele, tunabishana nani atateka maji, na sikujua kwamba ile ndiyo furaha. Nilidhani ni kazi tu.

Kisha vita vikaja. Sitakusimulia vita, umezaliwa ndani yake. Mzee Wilondja alikuwa ameshastaafu, na waliomfuata biro hawakuwa na nafasi ya kuja kukaa madawatini. Vinywa vikaanza kusema kwamba Nyamwiza ni mgeni, tena adui, vinywa vingine vya watu ambao watoto wao alikuwa amewafundisha kushika kalamu. Tulimficha kwetu siku kadhaa. Aliyemwondoa alikuwa Baba Mapendo. Alikuja asubuhi na mtumbwi wake wa injini, akasema atamvusha hadi upande wa Burundi, na mtu akitaka kuuliza amuulize yeye. Nyamwiza alinishika mkono. "Milima haikutanaka, Feza. Bantu banakutanaka."

Nilikwenda shule asubuhi hiyo hiyo, kwa sababu watoto wachache walikuwa wamekuja na hakuna mwingine wa kuwafundisha. Nikaandika ubaoni. Nikageuka kumpisha apite katikati ya watoto. Madawati ya nyuma yalikuwa matupu, na yeye hakuwapo.

Sasa anaishi nchi ya mbali, ng'ambo ya bahari, kwa watoto wake. Hunipigia simu siku za Jumapili, mtandao ukikubali. Huniuliza, "Bako bangapi mu kalasi sasa?" kana kwamba bado nafundisha. Namwambia kuta zimepakwa rangi mpya. Namwambia watoto wa mlima hawapo tena. Hapo huuliza bei ya mukeke, nami humwambia, naye hulalamika kwamba imepanda. Anasema huko aliko hana mtu wa kusema naye Kiswahili. Wajukuu wanamwelewa nusu. Simu ikikatika mimi hubaki nimeishika.

Ndiyo maana nilinyamaza juzi, mwanangu. Unakwenda kukaa mahali alipokaa Mzee Wilondja, na nakupa neno langu kabla hujazoea kiti. Utaletewa maombi mengi: gawanyeni, fupisheni, ondoeni hiki, harakisheni kile. Usijibu kutoka biro. Panda pikipiki yako, nenda Swima, nenda mpaka kule Misisi kwenye vumbi la machimbo ya dhahabu, uingie darasani, ukae chini, usikilize mtoto anavyosema. Mzazi akija na hasira, tafuta hofu iliyo nyuma yake, ukaijibu hiyo. Yajue yaliyo mkononi mwako na yasiyo mkononi mwako. La mkononi mwako usilisukume juu kwa wakubwa wala chini kwa direkta muoga. Udongo uwahi ungali maji: watoto waliokaa dawati moja wakiwa na miaka sita hawasahauliani upesi, na waliotenganishwa mapema hujifunza kuogopana bila mwalimu. Na ukiamua jambo jema, rudi kuliangalia, tena mfundishe mwingine kuliangalia baada yako. Sisi tulimwachia mzee mmoja na baiskeli yake. Alipoondoka yeye, likabaki bila mwenyewe. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vita, maana vita havikuwa mkononi mwangu.

Basi inuka, giza lisikukute njiani. Mungu wa baba zako akutangulie katika kila shule utakayoingia. Akupe subira ya kusikiliza na moyo wa kusema hapana panapostahili. Watoto wakufurahie ukija, wasikimbie. Na akupe mwenzako wa kazi wa kucheka naye jioni, akuachie huyo mpaka mzeeke wote wawili. Amina.