Siku Tuliyofukia Shimo la Kupasulia Mbao

Juzi pale Sirari, mpakani na Kenya, niliona mashine ya kupasulia mbao kwenye lundo la vyuma chakavu, nikasikia tena harufu ya dizeli ya utotoni. Ya kwetu ililetwa kwa trekta mchana mmoja, ikanguruma mpaka nikaamini Kenya nzima imeziba masikio. Baba aliinunua kwa ng'ombe ambao babu alimwachia baba mdogo Marwa aje kuolea. Kabla ya hapo walipasua kwa msumeno wa mikono, baba juu ya gogo, Marwa ndani ya shimo akila vumbi la mbao.

"Toka shimoni, Marwa, umeshakuwa bosi!" baba alicheka, akatuamuru watoto tulifukie.

"Na ng'ombe wangu, kaka?"

"Mashine itakuzalia wengine."

Tulishindilia udongo huku tukiimba. Marwa alikuwa anafuta macho, nikadhani ni moshi wa injini.

Jioni ileile injini ilikohoa, ikazima. Mafundi wa dunia nzima waliifungua, wakashindwa. Marwa akaenda Kewanja kutafuta dhahabu. Mpaka leo hajaoa wala hajarudi.

Baba bado anaupaka mafuta ule msumeno. Hana wa kuushika upande wa chini.