Barua Ambayo Yunusi Hakuiomba

Filomena hakuwa mtu wa kusikiliza, na mimi sitamremba hapa. Miaka sita afisa ustawi wa jamii mjini Morogoro, miaka sita anawakatiza watu maneno. Mama yake alifukuzwa na mashemeji kule Rombo, matanga ya baba yake hayajaanuliwa, basi tangu hapo kila shemeji duniani alikuwa adui yake.

Yunusi aliingia ofisini Jumatatu. Alikuwa fundi kwenye kiwanda cha nyuzi mpaka kilipouzwa, wakapunguzwa wote kwa tangazo moja lililobandikwa getini. Mwezi uliofuata mkewe akafariki. Nyumba yao aliijenga yeye, kule Bigwa mlimani, lakini kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Watoto pia. Alhamisi ukoo ungekaa kumjadili.

"Kwetu Tabora, mama. Sina ndugu hapa. Naomba uje tu ukae na mimi pale, nikiomba kubaki na Mwamvita wangu. Ana miaka minne, halali bila mimi."

"Yaani wanakufukuza kwako?"

"Sijasema hivyo. Shemeji yangu Abdulatif ni mtu mwema, ila..."

"Ila nini? Mashemeji nawajua mimi."

Akachomeka karatasi kwenye taipureta, akaigonga kama anaipiga. Nyumba ni mali ya Yunusi. Mtoto ni wa baba. Atakayembughudhi atajieleza mahakamani. Akagonga mhuri, akampa tarishi aipeleke kwa wazee wa ukoo, na usiku akalala usingizi wa pono. Alhamisi hakwenda Bigwa. Eti ana semina!

Jumamosi alipanda Bigwa mwenyewe, amevimba, anautafuta ugomvi. Nyumba ya Yunusi ilikuwa na kufuli. Abdulatif, mvi kichwa kizima, alikuwa uani anapukuchua mahindi. Filomena hata shikamoo hakutoa.

"Umempeleka wapi Yunusi?"

"Keti kwanza, mwanangu."

"Sikuja kukaa."

"Basi sikiliza umesimama. Mimi na dada zangu tulishakubaliana abaki, hata miaka kumi. Tulitaka aombe mbele ya ukoo, kwa sababu ukiomba umekiri ardhi ni ya nani. Badala yake ikasomwa barua yako. Bibi zetu wamelima hapa kabla Mjerumani hajafika, leo tunanyang'anywa kwa mhuri? Wazee wakasema aondoke, na mtoto asimwone tena. Nami nikanyamaza. Ungekuwa mimi ungesema nini?"

Filomena aliketi. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini yeye aliuliza bila kungoja jibu. Alijichukia pale pale, akaomba radhi, akaomba wazee wakutane upya. Abdulatif alitikisa kichwa. Neno la kikao, alisema, halitenguliwi na mtu mmoja.

Kwa kuelekezwa, Filomena alimkuta Yunusi stesheni ya Kingolwira, anabeba magunia kwa kibarua. Yunusi alitua gunia, akajifuta jasho.

"Wamekubali nimwone Mwamvita?"

"Hapana, baba. Na kosa si lao. Ni langu. Uliniomba nije, nikaandika barua."

Yunusi hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomkata Filomena maini.

"Basi panda Bigwa ukamwambie Mwamvita hivyo. Siku ile alinishika suruali akiniuliza kwa nini naondoka, na mimi sikuwa na la kumjibu."